Nimemkimbiza Asubuhi Hii

Neno lenyewe ni kukimbia, na hakuna asiyelijua. Mtoto akishaweza kutembea tunamwambia kimbia, anajaribu, anaanguka, tunacheka. Mtu akitumwa dukani anaambiwa aende mbio. Mvua ikikaribia, tunakimbilia ndani. Ni neno la kila siku, na mimi sikulifikiria mpaka lilipotuingiza katika tabu.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa Kiswahili aliandika ubaoni maneno manne: kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana. Akasema kila mtu atunge sentensi. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa nyuma na kuinamisha kichwa, kwa sababu nilikuwa naandika polepole, na kusimama mbele za watu kulinitoa jasho. Siku hiyo kidole cha mwalimu kilinipata hukohuko nyuma.

"Wewe. Kimbiza."

Nikasimama. Nikasema, "Baba anakimbiza tembo."

Mvulana mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, anadanganya! Tembo ndio wanaomkimbiza baba yake!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye alicheka kidogo, kisha akasema sentensi yangu ni sahihi, akaiandika ubaoni. Chini yake akaandika nyingine ya kwake: Mgonjwa alikimbizwa hospitali. Akasema neno hili lina kazi mbili. Unaweza kumkimbiza mtu ili aondoke kwako, na unaweza kumkimbiza mtu kwa kumpeleka haraka mahali pa msaada. Nikanakili zote mbili. Masikio yangu yalikuwa bado yanawaka kwa aibu, lakini nilinakili, na sijasahau. Kwamba nilikuwa nakumbuka ndilo jambo linalonisumbua mpaka leo.

Kwetu Robanda, kukimbiza ni kazi ya tembo. Mashamba yetu yako karibu na hifadhi, na mahindi yakianza kukomaa wanakuja. Tunapiga madebe, tunapuliza filimbi, tunamulika tochi. Asubuhi jirani akikuuliza, "Mlikimbiza?" unajibu, "Tulikimbiza, watatu," na hakuna anayeuliza watatu nini.

Dada yangu mkubwa aliolewa mbali na tembo. Mume wake ana duka dogo la vipuri vya pikipiki Nkende, Tarime mjini. Ni Mkurya, mrefu, mwenye maneno machache, na huenda Sirari, mpakani, kununua bidhaa na kulala hukohuko. Safari hizo ndizo zilizowagombanisha. Dada alikuwa na mimba ya miezi mitano alipokuja nyumbani siku moja na begi, akasema amechoka kukaa peke yake. Mama alimsikiliza, akamlaza siku mbili, siku ya tatu akamsindikiza barabarani. "Nyumba yako ni kule," alimwambia. Dada alipanda gari bila kugeuka kutuaga. Tangu siku hiyo mama alikuwa akisikia simu inalia ananiuliza, "Ni yeye?" Mara nyingi hakuwa yeye.

Baba yetu alifariki nikiwa darasa la saba. Mwenye sauti nyumbani ni baba mdogo, mdogo wake baba, anayefanya kazi ya bustani kwenye kambi moja ya wageni. Msimu wa mahindi, yeye ndiye anayetuongoza shambani, na filimbi yake haitoki shingoni hata akienda kanisani.

Asubuhi ninayoizungumzia, tembo walikuwa bado shambani jua linachomoza. Tulipiga madebe mpaka mikono ikafa ganzi. Walipoondoka walikuwa wamekula mistari minne na kukanyaga mingine. Tukarudi ukingoni mwa shamba, pale penye kichuguu ambapo tunaweka simu ya mama kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Ni simu ndogo ya vitufe. Ilikuwa na ujumbe kutoka kwa shemeji. Nauandika tena hapa kama ulivyokuwa, kwa sababu hatukuufuta:

Mama shikamoo. Mwenzangu nimeshindwa naye hapa nyumbani nimemkimbiza asubuhi hii. Hali si nzuri naomba mje. Simu inaisha chaji.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Mama hasomi, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Nyumbani tunazungumza Kiikoma. Kila ujumbe unaoingia nausoma kwanza kimoyomoyo, kisha namwambia kwa lugha yetu. Na kwa lugha yetu, kumkimbiza mnyama shambani ni neno moja, na kumpeleka mgonjwa haraka ni neno lingine kabisa. Hayafanani hata kwa herufi. Nilitakiwa kuchagua. Mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka kwa kupiga debe, pua yangu imejaa vumbi la tembo, na sikuchagua kwa kufikiri. Nilitumia neno tulilokuwa tunapigiana kelele tangu alfajiri.

"Anasema ameshindwa naye," nikamwambia. "Amemkimbiza asubuhi hii."

Mama akakaa chini palepale na debe lake. "Na mimba ile?"

Baba mdogo akasogea. "Soma tena." Nikasoma tena, vilevile. Akapuliza pumzi puani. "Amemkimbiza kama tembo? Kwani amekula mahindi ya nani?"

"Anaomba twende," nikasema.

"Tukafanye nini? Tukapige magoti dukani kwake? Aliyemtoa ndiye atakayemrudisha. Sisi hatuendi." Akamgeukia mama. "Na usilie. Mtoto anajua njia ya kwao. Jioni atakuwa hapa."

"Safari hii simrudishi," mama alisema. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama anamwambia mtu aliyekaa karibu naye.

Mimba ilikuwa imebakiza mwezi mzima na zaidi. Hakuna kati yetu aliyefikiria uzazi. Tulifikiria barabara, begi, na dada anayetembea na tumbo kubwa kutoka kituoni.

Basi tukamsubiri. Naona aibu kusema tulivyomsubiri vizuri. Mama alifagia chumba, akatoa godoro juani, akachinja kuku aliyekuwa anataga. Mimi nikatumwa kukaa barabarani, pale gari za kutoka Mugumu zinaposimama, nimpokee begi. Nikapewa simu, maana na pale mtandao unashika. Baba mdogo alipita na baiskeli akienda kambini, akasimama mbele yangu.

"Yule bwana akipiga, usipokee. Umenisikia, mwanangu? Mwache aonje kidogo."

"Ndiyo, baba."

Gari ya kwanza ilikuja saa nne na nusu. Walishuka watu wawili na gunia la vitunguu. Dada hakuwepo. Saa tano simu ikalia. Jina la shemeji likatokea kwenye kioo. Nikaishika mkononi ikiwa inatetemeka mpaka ikanyamaza. Baada ya dakika chache ikalia tena. Nikaifunika na khanga, kama vile watu barabarani wangejua ni nani. Mama mmoja aliyekuwa anauza maandazi pale akaniuliza, "Binti, mchumba amekukosea?" Wenzake wakacheka. Nikahama, nikakaa upande wa pili wa barabara.

Huko ndiko wasiwasi ulikonianzia. Mwanzo ulikuwa wasiwasi wa dada: amefika wapi, amekula nini, mbona hapigi yeye. Kisha nikafungua ujumbe ule nikausoma tena, polepole, neno moja moja, kama nilivyofundishwa. Mama shikamoo. Mtu aliyemfukuza mke wake anaanza na shikamoo? Na kama alimfukuza, mbona hakuandika nimemfukuza? Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Mume anamfukuza mke. Ndivyo watu wote wanavyosema, hata redioni. Kukimbiza ni kwa tembo, kwa nyani, kwa kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa.

Na kwa mgonjwa.

Niliona ubao wa darasa la sita mbele yangu, sentensi yangu juu na ya mwalimu chini. Jua lilikuwa utosini. Ilikuwa saa sita.

Nikaenda nyumbani. Nilikwenda kwa mwendo wa kawaida, sikukimbia. Mama alikuwa jikoni anachochea moto. Nikasimama mlangoni.

"Umemwona?"

"Bado."

"Mbona umeacha barabara? Akifika asikukute?"

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Mama, huenda nimekosea. Maneno hayo ni machache. Lakini niliona lile godoro juani, manyoya ya kuku kwenye majivu, na uso wa mama ulivyokuwa umeshajipanga kumpokea mtoto wake na kutomrudisha. Nikafikiri: kama nimekosea, ni mimi niliyekosea, na kila mtu atajua. Kama sijakosea, nitakuwa nimewatia hofu ya hospitali bure. Na baba mdogo atacheka, atawasimulia watu kambini kwamba kuna binti aliyesoma mpaka darasa la saba na hajui kusoma. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, lakini masikio yangu yakawaka vilevile kama siku ile darasani.

"Nimekuja kunywa maji," nikasema. Nikanywa maji, nikarudi barabarani.

Simu ililia tena saa saba kasoro. Shemeji. Sikupokea. Ikalia tena, safari hii ni namba nisiyoijua. Hiyo ililia muda mrefu, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kijani. Nilikuwa naogopa sauti itakayotoka. Nilikuwa naogopa pia amri niliyopewa, ingawa aliyenipa alikuwa mbali anamwagilia maua. Ikakatika. Baada ya hapo haikulia tena, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko kulia. Gari ya saa nane ilipita bila kusimama.

Kuzungumza sikuweza. Nikaamua kuandika. Kwenye simu ile herufi moja inaweza kuhitaji kubonyeza mara tatu au nne, na mimi huandika polepole hata kwa kalamu. Niliandika ujumbe mrefu, nikaufuta. Nikaandika mwingine, nikaufuta. Mwisho nikaandika huu:

Shemeji shikamoo. Umemkimbiza wapi?

Nilifikiri hivi: kama alimfukuza, atanijibu kwa hasira, nami nitajua. Ilikuwa saa tisa nilipoutuma. Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu chini.

Hospitali jamani. Tangu saa 11 alfajiri. Ameingizwa upasuaji. Mbona hampokei simu??

Hapo ndipo nilipokimbia. Nilipita katikati ya shamba la jirani, viatu vikabaki sijui wapi. Mama aliniona nikiwa mbali, na kabla sijasema kitu naye akaanza kukimbia kuja kwangu, mwiko mkononi, anatabasamu. Alidhani dada amefika.

"Yuko wapi? Amefika?"

Nikamwambia kwa Kiikoma, kwa lile neno lingine, ambalo lilitakiwa tangu asubuhi. Mama akasimama. Aliangalia mwiko, akauangalia kama hajui ni kitu gani, akanipa mimi. Akaingia ndani, akatoka na khanga mbili na kitambulisho chake. Kuku alibaki jikoni.

Bodaboda ilitufikisha Mugumu, lakini gari ya mwisho ya Tarime ilikuwa imeondoka. Shemeji alipiga tukiwa stendi, na safari hii nilipokea. "Ametoka upasuaji," alisema. "Hajaamka." Nikamuuliza kuhusu mtoto, laini ikakatika. Tulilala kwa mama mmoja wa kanisa anayefahamiana na mama. Nasema tulilala. Mama alikaa kitandani na kilemba chake kichwani, tayari kwa safari, mpaka gari ya kwanza.

Njiani aliniuliza jambo moja tu. "Ule ujumbe ulikuwa umeandikwa vibaya?"

"Ulikuwa na neno lenye maana mbili, mama."

"Ah." Akaangalia dirishani.

Shemeji alikuwa amesimama getini hospitali. Kwa desturi, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na kuna mambo ambayo mkwe hawezi kuyataja mbele ya mama mkwe wake hata kidogo. Basi alituona, akainamisha macho, akasogea pembeni kutupisha njia, akasema, "Shikamoo mama," akiwa ameangalia viatu vyake. Shati lake lilikuwa la jana.

Mama hakuitikia. Alimfuata hukohuko pembeni alikokwenda, akasimama karibu yake kuliko anavyotakiwa mama mkwe.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Na mtoto yuko hai. Wa kike."

Ndipo mama akasema, "Marahaba, baba," akaingia ndani. Shemeji akabaki amesimama kama mtu aliyepigwa na jua.

Wodini waliruhusu mmoja mmoja, kwa hiyo tulibaki nje kwenye benchi, mimi na yeye.

"Shemeji," akaniambia, "nimepiga simu mpaka nikaazima ya mlinzi. Mlikuwa na nini?"

"Tulifikiri umemfukuza."

"Nani kawaambia?"

"Wewe. Uliandika umemkimbiza."

"Sasa mtu anakimbizwa wapi kwingine, si hospitali?"

"Kwetu ni tembo," nikasema.

Aliniangalia. "Tembo."

"Tulikuwa tunakimbiza tembo asubuhi hiyo."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka watu wa benchi nyingine wakageuka, halafu akafunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yakaendelea kutikisika, na sikuwa na hakika tena kama anacheka. Alipotulia akasema, "Ungeniambia niandikeje? Ni simu ya mama. Niandike damu? Niandike uzazi? Kwa mama mkwe?"

"Ungeandika hospitali."

"Niliona inajulikana," alisema.

Baadaye muuguzi akaniruhusu niingie, mama akiwa bado ndani. Dada alikuwa mweupe midomo, na amekuwa mdogo kitandani. Mtoto alikuwa kwa mama, amefungwa kwenye moja ya zile khanga. Sauti ya dada ilikuwa inatoka kidogokidogo. Alisema madaktari walijaribu dawa tangu asubuhi, mchana wakasema lazima apasuliwe. Alisaini. Akaomba asikie sauti ya mama kwanza. Shemeji akapiga. Akapiga tena. Kisha ile simu ya mlinzi.

"Nilijua bado umenikasirikia, mama," alisema. "Kwa ile safari ya begi."

Mama alimshika mguu juu ya shuka. "Nilikuchinjia kuku," alisema.

Dada akageuza macho kwangu. "Simu alikuwa nayo nani?"

"Mimi. Baba mdogo alisema nisipokee."

"Baba mdogo na filimbi yake," dada alisema. Akataka kucheka, kidonda kikamkataza.

Nje, shemeji alinipa simu nimwandikie baba mdogo. Akasema, "Andika haraka, chaji inaisha," lakini haraka sina. Niliandika: Dada yuko hospitali Tarime. Amejifungua mtoto wa kike. Wote wazima. Hakufukuzwa na mtu. Nikasoma mara nne kabla ya kutuma. Baba mdogo akajibu: Nakuja mbio. Alifika kesho yake mchana, na filimbi, na ndizi za kumtosha kila mgonjwa wa wodi ile.

Sasa mtoto huyo ana miaka miwili na anakimbia. Wakija Robanda, anakimbiza kuku wa mama uwanja mzima, na shemeji, akiwa amekaa mbali na mama mkwe wake kama inavyotakiwa, anasema kwa sauti ya kusikika, "Mnaona? Huyu anakimbiza kwa Kiikoma." Watu wanacheka. Habari ile imekuwa ya kuchekesha. Baba mdogo anaisimulia kila msimu wa mahindi, na akifika mwisho wake ananionyesha mimi kwa kidole. "Huyu ndiye aliyetuokoa. Sisi wote tumekasirika, yeye akauliza neno moja tu: wapi? Shule si mchezo." Nami nainamisha kichwa, na wanadhani ni aibu yangu ya kawaida.

Hakuna anayeuliza kuhusu saa zile. Lakini safari yao iliyopita, dada alikuwa anapembua mchele uani, akaniuliza bila kuinua macho, "Ule ujumbe wako wa 'umemkimbiza wapi', ulituma saa ngapi?"

"Saa tisa," nikasema.

"Mimi niliingizwa upasuaji saa nane." Akapuliza makapi. "Nilikuwa nimeshikilia ile simu ya mlinzi mwenyewe, sikioni. Niliisikia inaita upande wenu."

Nilitaka kumwambia hapohapo. Mtoto akaanguka, akalia, dada akainuka kumfuata, na nafasi ikapita kama ile ya mlangoni jikoni.

Kwa hiyo nimeandika. Imenichukua karibu mwezi, kwenye daftari, kalamu mbili zimekwisha. Dada, ulipoishika simu ile sikioni, nilikuwa nimekaa upande wa pili wa barabara, kidole kikiwa juu ya kitufe. Ilikuwa imeshapita saa sita. Nilikuwa nimeshajua umekimbizwa wapi. Sikupokea kwa sababu niliogopa kuchekwa.

Daftari hili nitampa shemeji akija, akupelekee Nkende. Usilisome mbele ya watu. Ukimaliza, piga simu ya mama. Nitapokea mimi.